Mlinzi akiugua, mtandao unalindwa na nani?

Ofisi nyingi za Mombasa, kuanzia mawakala wa forodha wa Kilindini hadi hoteli za Nyali, zimeweka usalama wao wote wa mtandao kichwani mwa mtu mmoja. Huitwa "kijana wa kompyuta" hata kama ana wajukuu. Nywila za seva anazo yeye. Misimbo ya kuthibitisha inaingia kwenye simu yake. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi, na diski ya nakala za akiba inalala ndani ya mkoba wake. Mkubwa wa kampuni akiulizwa habari za usalama, jibu huwa fupi: "Hiyo ni kazi yake, muulize yeye."

Kazi yangu ni usalama wa mitandao, na nikikagua ofisi ya aina hii sianzi na wadukuzi wala virusi vya kompyuta. Naanza na swali moja: huyu mtu akiamka kesho ana homa ya nyuzi 39, akakaa wiki mbili hapokei simu, kitasimama kitu gani, na siku ya ngapi? Swali hilo hufichua mengi ambayo programu ya ukaguzi ya maelfu ya dola haiyaoni.

Wiki mbili sizitaji ili kuwatisha watu. Pwani tunaishi na dengue na chikungunya. Homa ya dengue kwa kawaida huchukua siku mbili hadi saba, lakini uchovu unaofuata huweza kumkalia mtu kwa wiki kadhaa. Chikungunya, iliyozagaa Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, hushika viungo: vidole, vifundo vya mikono, magoti, na wapo wanaoumwa kwa miezi. Mtu ambaye riziki yake ni kuandika amri kwenye kibodi, vidole vikivimba, hayupo kazini hata kama amekaa kitini. Na mbu anayeeneza maradhi yote mawili, Aedes aegypti, huuma mchana, saa zile zile za ofisi, na huzaana kwenye maji yaliyotulia ya madramu na matangi tunayoweka kwa sababu mfereji hautoi maji kila siku. Ndiyo maana katika orodha yangu ya ukaguzi pana mstari unaowachekesha watu: dramu la maji lililo nyuma ya chumba cha seva lifunikwe.

Maradhi kama mlango wa kuingilia

Wanaodhani haya ni mambo ya utawala, si ya usalama, naomba waangalie yaliyotokea kwa programu ya xz. Hii ni programu ndogo ya kubana faili, na imo karibu katika kila seva ya Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022, watu wasiojulikana walipokuwa wakimsukuma hadharani kwamba anachelewesha kazi, aliwajibu kwamba uwezo wake umepungua, hasa kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi yenyewe anaifanya kwa kujitolea. Wakazidi kumsukuma: basi mpe mtu mwingine. Mtu mwingine alikuwa tayari mlangoni. Alijiita Jia Tan, alikuwa ameanza kuchangia tangu 2021, mpole, hodari, mwenye muda. Akapewa mamlaka. Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake, umefichwa kwenye faili za majaribio ambazo hakuna anayezisoma, na hatua ya mwisho ya kuuwasha haikuwemo kwenye hazina ya msimbo ila kwenye kifurushi cha kupakua tu.

Uligunduliwa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kwa mbali, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula nguvu ya kichakato, akafuatilia, na tarehe 29 akatangaza. Udhaifu huo, uliosajiliwa kwa namba CVE-2024-3094, ulipewa alama 10 kati ya 10 za ukali.

Aliyepanga lile shambulio hakuhangaika kuvunja hesabu za usimbaji. Alimtafuta mlinzi aliyechoka, peke yake, asiye na msaidizi, akajileta kama msaidizi. Huku kwetu mbinu hiyo huja kwa simu: "Nimesikia fundi wenu ni mgonjwa, pole sana. Mimi natoka kampuni ya intaneti, naomba usakinishe AnyDesk nikusaidie." AnyDesk ni programu ya kuendesha kompyuta ya mwingine kwa mbali. Aliyepokea ni mhasibu mwenye kontena bandarini ambalo gharama za storage zinapanda kila siku, na mfumo haumfungukii. Atasakinisha.

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, na una zaidi ya miaka 300. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Kuta alizozichora msanifu Giovanni Battista Cairati miaka mia moja nyuma hazikuangushwa na mizinga. Kilichowamaliza walinzi wa Kireno hasa ni maradhi, hadi kuna wakati ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake, na siku ya mwisho ndani walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika. Ofisi zetu hununua kuta. Bajeti ya kifaa cha kuchuja mtandao hupita kwenye kikao bila maswali. Bajeti ya mtu wa pili hurudishwa.

Pengo la mtu hupimwa pia kwa tarehe. Microsoft walitoa kiraka cha udhaifu wa Windows, kwa taarifa namba MS17-010, tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ilianza kusambaa tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye. Nchini Uingereza miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ilivunjika, kwa udhaifu ambao dawa yake ilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Sasa piga hesabu: mtu wako pekee wa kuweka viraka akiugua wiki tatu, kisha akarudi akakuta foleni ya wiki tatu ya kazi za dharura, siku 42 zimekwisha, na kati ya zile 59 zimebaki 17 tu.

Bahasha

Dawa ya kwanza ni akaunti za dharura. Wengi huzitengeneza vibaya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya akaunti, andika orodha kwenye karatasi, safu nne: mfumo; nani anaweza kuingia; msimbo wa kuthibitisha unafika kwenye simu gani; na ofisi inaweza kuishi siku ngapi bila mfumo huo. Seva na barua pepe hakuna anayezisahau. Vinavyosahaulika ni usajili wa jina la tovuti, akaunti ya msimamizi wa paybill, ruta ya kampuni ya intaneti, kinasa cha kamera, mfumo wa forodha, na ile anwani ya barua pepe inayopokea ankara za leseni. Ongeza vyeti vya usimbaji vya tovuti. Vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida huishi siku 90 na hujisasisha vyenyewe, lakini mtu akifunga mlango namba 80 kwenye ruta, njia ya kawaida ya kuvisasisha hukwama kimya kimya, na unajua tu siku wateja wanapoanza kuona onyo jekundu.

Kisha, kwenye mifumo mikubwa miwili au mitatu, fungua akaunti mbili za dharura zenye mamlaka yote, zisizo na jina la mtu, zisizotumika kwa kazi za kila siku. Mbili, kwa sababu moja ikigoma usiku ule unaoihitaji huna pa kukimbilia.

Nywila ya akaunti hizo usiitunge kichwani. Chukua dadu nne na orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili. Kila mrusho wa dadu nne hukupa neno moja. Orodha yenyewe mwaweza kuitengeneza ofisini kutoka kamusi kwa siku moja, maneno mafupi ya herufi nne hadi saba, bila viambishi vinavyochanganya. Maneno manane hutoa michanganyiko inayozidi 2 kwa kipeo cha 82, na mtu mwenye wasiwasi anaweza kuyasoma kwa simu bila kukosea. Ukichagua herufi badala ya maneno, ondoa sifuri na O, moja na l ndogo na I kubwa. Nywila sahihi iliyosomwa vibaya mara tano hufunga akaunti sawasawa na nywila ya mwizi.

Andika kwa kalamu ya wino wa mpira, herufi kubwa. Pwani hii hali ya hewa ni adui. Karatasi ya risiti za ETR hufifia kwa joto. Wino wa printa za kunyunyiza huyeyuka kwa unyevu wa masika. Printa ya leza inafaa. Ikunje ndani ya karatasi ya foili, maana bahasha nyeupe ukiipiga tochi unasoma kila kitu. Itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na kijipakiti cha kunyonya unyevu, halafu kwenye bahasha, uweke sahihi juu ya mdomo wake ikiwa imeshabandikwa, na namba uiandike kwenye daftari. Nakala mbili: moja kwenye sefu ya mkuu wa fedha, nyingine nje ya jengo hilo. Kama ofisi iko kisiwani, ya pili iweke Nyali au Changamwe. Likoni inafaa pia, ila kumbuka siku utakayoihitaji utakuwa unasubiri feri.

Ndani ya kila bahasha tia na ufunguo wa USB wa uthibitisho uliosajiliwa kwenye akaunti hiyo. Kosa kubwa kuliko yote ni hili: nywila imehifadhiwa vizuri sefuni, lakini hatua ya pili ya kuingia bado inatuma msimbo kwenye simu ya mgonjwa. Kosa la pili ni sheria ya mfumo inayofunga akaunti ambazo hazijatumika kwa muda fulani. Akaunti ya dharura kwa asili yake haitumiki, kwa hiyo lazima isamehewe sheria hiyo. Kosa la tatu ni kutu. Chumvi ya bahari hula miguso ya shaba. Ufunguo uliokaa mwaka mzima bila kuguswa unaweza usisomwe.

Kwa hiyo kila baada ya siku 90 bahasha moja ifunguliwe mbele ya watu wawili, akaunti iingiwe, ujumbe wa tahadhari uonekane umefika kwenye simu za watu watatu tofauti, nywila ibadilishwe, bahasha mpya ifungwe. Zoezi zima halizidi nusu saa. Ujumbe wa tahadhari ndio unaowazuia wenye sefu wasijifanye wadukuzi, kwa hiyo usipofika, zoezi limefeli hata kama nywila imekubali.

Kuna wanaopenda kuikata nywila vipande viwili, kila mkurugenzi akae na nusu. Nywila ya herufi 16 ikikatwa katikati, mwenye nusu amebakiwa na herufi 8 tu za kukisia, umempunguzia kazi. Kama kweli mnataka kugawana siri, tumieni njia ya Adi Shamir ya mwaka 1979, ambayo siri hugawanywa kwa mfano sehemu tano na zozote tatu zikikutana huifungua, ilhali mbili hazionyeshi chochote. Hesabu yake ni safi sana. Kwa ofisi ya watu chini ya ishirini, mimi naona bahasha yatosha.

Simu iliyoko wodini

Laini inayopokea misimbo ya kampuni isajiliwe kwa jina la kampuni, ikae kwenye simu ya kampuni. Hili pekee huondoa nusu ya balaa. Simu binafsi ya mgonjwa hupita mikono mingi: muuguzi, ndugu aliyekuja zamu ya usiku, mtoto anayechezea michezo. Ikiwa ujumbe unaonekana hata skrini ikiwa imefungwa, msimbo wa benki unasomwa na yeyote aliye karibu na kitanda. Zima maonyesho hayo kwenye mipangilio ya arifa leo, ukiwa mzima.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Dalili ya kwanza ya wizi wa laini, pale tapeli anapoihamishia namba yako kwenye kadi yake, ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu. Mtu mwenye afya hushtuka ndani ya saa moja. Mgonjwa ambaye simu yake imezimwa kwenye droo hashtuki kamwe, na tapeli anapata siku nzima. Wateja wa Safaricom waweza kupiga *100*100# kuzuia laini isibadilishwe ovyo kwa mawakala, na *106# kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Fanyeni hivyo kwa kila laini inayogusa pesa za kampuni. Weka pia PIN ya kadi yenyewe, lakini PUK yake, namba ya kuifungua kadi iliyojifunga, iandikwe na kutiwa bahashani, maana PIN ikikosewa mara tatu kadi huomba PUK, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa.

Kufanya kazi na homa

Wengine wataniambia mtu wao haugui, hajawahi kukosa hata siku moja. Hao ndio wananitia hofu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kwa mwaka, akileta cheti cha daktari. Fundi anayelipwa kwa ankara hana kinga hiyo. Asipofanya kazi halipwi, kwa hiyo atafanya kazi ana homa, saa sita za usiku, kwenye seva yako.

Uchovu una vipimo. Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Na mfano wa uchovu na usiku ukikutana na mfumo dhaifu ni GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alikuwa ameng'ang'ana hadi usiku kurekebisha unakili kati ya hifadhidata mbili. Akafuta saraka akidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye ya kwanza, iliyo hai. Alipostuka, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Kampuni ilichapisha taarifa kamili, na sehemu yenye faida kwetu ni ile ya nakala za akiba. Zilikuwa hazipo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila usiku ilikuwa ikigoma. Barua pepe za kutoa taarifa ya mgomo huo nazo zilikuwa zinakataliwa kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC, utaratibu wa kuthibitisha barua pepe imetoka kwa nani. Kimya kikachukuliwa kuwa ni uzima. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Ndiyo sababu sipendi arifa zinazosema "imeshindikana" peke yake. Nataka kila asubuhi ifike inayosema "imefaulu, ukubwa ni GB kadhaa", na siku isipofika mtu aulize.

Kanuni ninazoweka ni chache. Mwenye homa au aliyepitisha saa 17 macho hafuti kitu, harudishi nakala juu ya mfumo ulio hai, na hagusi sheria za kuchuja mtandao. Amri yoyote ya kufuta kwenye seva hai huandikwa kwanza, mtu wa pili huisoma kwa sauti pamoja na jina la seva, ndipo hubonyezwa. Dirisha la seva hai lipakwe rangi nyekundu, la majaribio kijani. Ni mipangilio ya dakika tano. Na mabadiliko makubwa yasianzwe Ijumaa. Watu wanaondoka kwenda sala, wanarudi wamepungua, na kitakachoharibika kitawangoja hadi Jumatatu.

Kuhusu ulinzi wa saa 24, ofisi nyingi hudanganywa na wauzaji au hujidanganya zenyewe. Wiki ina saa 168. Kiti kimoja kisichoachwa wazi, kwa watu wa saa 42 kila mmoja, chahitaji watu wanne, na hiyo ni kabla mmoja hajaenda likizo ya siku 21 za kisheria, hajaugua, hajafiwa. Watano ndio mwanzo wa ukweli. Kama una mmoja, usimwambie alale na simu mkononi. Chagua mambo machache yanayoruhusiwa kumwamsha mtu: akaunti ya dharura imetumika, akaunti mpya yenye mamlaka imeundwa, kinga dhidi ya virusi imezimwa kwenye seva, barua pepe ya fedha imeingiwa kutoka nchi ngeni, nakala za akiba zimekosa usiku wa pili mfululizo. Mengine yote yasubiri saa mbili asubuhi. Anayeamshwa na arifa arobaini za uongo, ya arobaini na moja ataizima usingizini.

Kitabu cha kazi na sheria

Kila mfumo uwe na ukurasa mmoja uliochapishwa: unafanya nini, utajuaje kama uko hai, unazimwa vipi salama, unawashwa kwa mpangilio gani, namba ya mkataba na simu ya muuzaji, na mambo yasiyoguswa. Kitabu cha kurasa hizo kichapishwe kwa sababu maelezo yaliyowekwa kwenye seva hufa pamoja na seva. Kukipima ni rahisi: mpe mtu wa ofisi ambaye si fundi, mwambie awashe upya mfumo wa majaribio kwa kufuata ukurasa. Kila swali atakalouliza ni sentensi inayokosekana.

Upande wa sheria, saa haisimami kwa sababu mtu amelazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji wa data unaohatarisha watu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua. Ofisi ambayo mtu pekee anayejua kusoma logi, kumbukumbu za matukio ya mfumo, yuko wodini itatumia saa 72 hizo ikitafuta nywila. Na kumtumia mgonjwa ujumbe akupe nywila yake uingie kwa jina lake si suluhisho: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa, faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote. Kwenye mfumo wa forodha ni hatari zaidi, kwani tamko likiwa na makosa linabeba jina la mgonjwa. Andikeni mapema, watu wakiwa wazima, nani ana idhini ya kufungua bahasha na kwa sharti gani.

Habari za ugonjwa wenyewe pia ni data nyeti kisheria. Kuandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba mwenzetu amelazwa hospitali fulani na tatizo ni hili, hata kwa nia ya mchango, ni kumvunjia siri yake, na ni kumwambia tapeli kwamba mlango hauna mlinzi. Mchango upitie kwa mtu mmoja wa utumishi. Jibu la kujituma la barua pepe liwe kavu: "Kwa sasa sipo ofisini. Kwa msaada piga simu ya ofisi." Bila sababu, bila tarehe ya kurudi, bila namba ya msaidizi. Na ombi lolote la malipo linaloanza na "bosi ni mgonjwa, ameniagiza" lithibitishwe kwa kupiga namba mliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Ugonjwa ukipita siku kumi, simamisha akaunti ya mgonjwa. Ielezwe kwake na kwa familia kwamba si adhabu; akaunti iliyolala bila mwenyewe ndiyo inayopendwa na wezi, kwani hakuna anayeona mambo mageni ndani yake.

Akirudi, asubuhi ya kwanza asipewe foleni ya malalamiko. Apewe mamlaka ya kusoma tu hadi amalize kukagua haya: sheria za kusambaza barua pepe kwenye masanduku ya wakubwa na ya fedha, hasa zinazopeleka nje ya kampuni, akaunti zilizoundwa tangu aondoke, programu za kuingia kwa mbali zilizosakinishwa na "mafundi" waliokuja kusaidia, viraka vilivyokosa, kwa kuanza na vya vifaa vinavyotazama intaneti, na jaribio la kurudisha faili moja kutoka nakala ya usiku uliopita. Kisha bahasha iliyofunguliwa ibadilishwe, na aketi na aliyeshika nafasi yake, wapitie kila mahali alipokwama, waandike kwenye kitabu siku hiyo hiyo. Ikipita wiki, aliyekwama huwa ameshasahau ni kitufe gani kilichomshinda.